Kodi ya Miezi Sita

Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji na kupewa wilaya yake mwaka 2016, kodi za vyumba zilipanda kabla rangi ya kibao cha halmashauri haijakauka. Chumba cha shilingi 20,000 kikawa cha 35,000, na mwenye nyumba akataka ya miezi sita mkononi; wengine hawakuona haya kudai ya mwaka. Watumishi walikuwa wakishuka kwenye mabasi na mabegi yao na barua za uhamisho, mafundi wakifuata tenda, vijana wakifuata mafundi. Wenye nyumba, waliozoea miaka yote kupangisha walimu, utingo wa malori na wanunuzi wa korosho wa msimu, wakaona riziki imewapigia hodi. Siwalaumu. Aliyejenga kwa fedha ya korosho, msimu huu msingi, msimu ujao kuta, ana haki ya kufurahi mji ukimfuata mlangoni.

Mji wenyewe, hata hivyo, haukuwa umejiandaa. Kibiti ni njia panda iliyokua: Barabara ya Kilwa ikitoka Dar es Salaam kilomita 130 na ushee, njia ya Nyamisati ikichepuka kuelekea delta ya Rufiji na kwenye boti za Mafia. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini hakuwa na uhakika wa kuvuka mto Rufiji pale Ndundu. Pantoni likigoma, au mto ukijaa, watu walilala njiani, na huku kwetu tuliishi kwa kuwauzia chai, mihogo na samaki wa kukaanga. Daraja lilipoanza kazi mabasi yakawa yanapita tu. Wilaya ndiyo iliyowarudisha watu, safari hii si kwa kulala usiku mmoja.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa deltani, na nilipanga uani kwa mzee mmoja wa Kindengereko upande wa njia ya Nyamisati. Vyumba sita, choo kimoja, mwembe mmoja. Jirani yangu wa kushoto alikuwa muuguzi, wa kulia fundi cherehani mwenye mke na watoto watatu. Mbele alikaa kijana wa bodaboda, na pembeni mnunuzi wa kaa ambaye chumba chake kilinuka tope la mikoko hata alipokuwa safarini. Chumba cha mwisho, kilichopakana na choo, kilikuwa cha mama lishe. Sote tulimwita Mama, na sote tulikuwa na deni kwake la chapati.

Mwenye nyumba tulimwita Babu. Hakuwa mbaya. Alipopandisha kodi alikuja mwenyewe, akasalimia mlango hadi mlango, akasema maisha yamepanda naye hana la kufanya. Yaliyomkuta Mama hayakutoka kwa Babu. Biashara ilipompa moyo alihamia nyumba nyingine karibu na stendi, na huko alipochelewa kodi alikuta vyombo vyake nje, sufuria zimepangwa kwa ukubwa kama za mnada. Alirudi kwetu na gunia la mkaa kichwani. Jioni ile, tukiwa tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, fundi cherehani alichukua chaki yake ya kukatia nguo akaandika kwenye sakafu ya baraza: vyumba 6, mara 35,000, mara miezi 12. Ikaja 2,520,000. Tukaitazama. Kwa bei za wakati ule, fedha hiyo ilitosha kununua zaidi ya ekari moja ya mikorosho mizee nje ya mji.

Wazo la ushirika wa nyumba lilitoka kwa muuguzi. Shangazi yake alikuwa mpangaji Kurasini wakati serikali ilipobomoa nyumba kupanua eneo la bandari, miaka ya 2007 na 2008. Fidia walipewa wenye nyumba. Mpangaji hata kama amekaa miaka ishirini, amezikia watoto pale, hana anachodai, anafungasha. Baadhi ya wapangaji hao, pamoja na wenye nyumba wadogo, walikuwa tayari kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na shirika la CCI. Badala ya kutawanyika wakaunda Ushirika wa Nyumba wa Muungano, wakanunua ekari 30 Chamazi, nje kidogo ya Mbagala, kwa shilingi milioni 24, na ushirika ukaandikishwa mwaka 2009.

Tukaenda kuona. Ukitoka Kibiti unashukia Mbagala Rangi Tatu, ambako nusu ya abiria ni Warufiji na nusu nyingine wanawauzia Warufiji maji, halafu unapanda daladala ya ndani. Nilitegemea kuona nyumba zinazong'aa. Nilichokuta ni nyumba zilizojengwa kwa vipande: mtu anaanza chumba kimoja na kibaraza, anahamia, anaacha kodi, na fedha aliyokuwa akimpa mwenye nyumba ndiyo inayonunua tofali za chumba cha pili. Wanawake walikuwa wamefundishwa kufyatua tofali wenyewe. Viwanja vyao ni vidogo kuliko kiwango cha kawaida cha mipango miji, na walilazimika kubembeleza mamlaka sana ili wakubaliwe, kwa sababu kiwanja kikubwa cha kisheria ni kiwanja ambacho maskini hakinunui. Kilichonishangaza zaidi ni majitaka. Yalikuwa yanakwenda kwa bomba hadi kwenye bwawa lililopandwa matete, na matete ndiyo yanayosafisha. Mnunuzi wa kaa alisimama pale muda mrefu. "Hii si delta tu," akasema. "Mungu alishawajengea watu wetu bure, hawakujua kuiweka kwenye ramani."

Shangazi yule hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema wenzao wengi walikata tamaa njiani, na kwamba mkopo wa nyumba haulipiki kwa moyo mkunjufu kama unavyopokelewa. "Wanangu," akasema, "kabla hamjanunua saruji, semeni kwanza nyumba ni ya nani mwenye nyumba akifa. Sisi tuliliacha hilo mpaka mtu akafa."

Tuliporudi tulikwenda kwa afisa ushirika. Alitupokea vizuri, akatueleza Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi mtu aje amuulize jambo lisilohusu korosho. Tunatakiwa kuwa na mkutano wa waanzilishi, masharti ya chama, andiko linaloonyesha fedha itatoka wapi, na faili liende kwa Mrajis kupitia mkoani Kibaha. Akatuambia pia njia ya mkato: tujiandikishe kwanza kama kikundi cha kawaida kwa maendeleo ya jamii, tuweke akiba, tujipime. Ila kikundi cha namna hiyo hakimiliki ardhi kwa jina lake mpaka kiwe na wadhamini walioandikishwa na wakala wa serikali, RITA, Dar es Salaam. Tukachagua mkato, na wadhamini tukasema baadaye.

Wakati tunatangaza habari zetu, neno ushirika lilitupa tabu zaidi ya fedha. Kila mtu mzima wa Pwani ana kisa chake cha korosho: chama cha msingi fulani kilipima kilo pungufu, malipo ya pili hayakufika, katibu akajenga. Wazee wanakumbuka zaidi. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katikati hapo mali za watu hazikuulizwa zimekwenda wapi. Hata hivyo tulipata watu 23: walimu, wauguzi, madereva, mama lishe watatu, mlinzi wa benki, fundi redio. Wote wapangaji. Hilo tuliliwekea sharti, kwa sababu wenye nyumba wawili walikwishaanza kuulizia hisa.

Mkutano ninaoukumbuka kuliko yote ulifanyika chini ya mwembe wa Babu, Jumapili baada ya alasiri. Agenda ilikuwa moja, ile ya shangazi wa Chamazi. Fundi cherehani aliuliza akifa mkewe atakaa au atarudishiwa hisa aondoke. Muuguzi akauliza akihamishwa Mafia chumba chake atamwachia nani. Palikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, ambalo mimi na muuguzi tulilisimamia: ardhi ibaki ya chama daima, kila mwanachama awe na haki ya kukaa, kujenga na kurithisha, na anayetaka kuondoka arudishiwe alichoweka, lakini asimuuzie mtu wa nje. Nilikuwa nimesoma kwenye kijitabu cha mafunzo kwamba Uruguay, nchi ndogo ya Amerika Kusini, imekuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1968, na wafanyakazi wa kawaida wamejengeana mitaa mizima kwa mikono yao, ardhi ikiwa ya ushirika na si ya mtu. Nikaisema habari hiyo kwa mbwembwe zote za mwalimu.

Pendekezo la pili lilikuwa la mnunuzi wa kaa, na halikuwa na mbwembwe: tununue pamoja, tupime, kila mtu achukue kiwanja chake na karatasi yake.

Babu hakuwa mwanachama. Alikuwa amekaa kibarazani kwake akichambua ukili, na mkutano ulikuwa uani kwake, kwa hiyo tulipomwomba neno hakuna aliyeona ajabu. Akaanza na mafuriko ya 1968. Wakati huo alikuwa kijana, wakikaa bondeni, wakilima mpunga, na mto ukishuka wakipanda mahindi kwenye unyevu ulioachwa. Nyumba zao za shamba zilikuwa madungu, zimeinuliwa kwenye nguzo, ngazi ya magogo; maji yakipanda unavuta mtumbwi hadi mlangoni. Mwaka ule maji yalipita madungu. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapandishwa ukanda wa juu, kwenye vijiji vipya vya ujamaa vilivyochorwa kwa kamba. "Tulipewa mahali kwa mambo," akasema, maana yake vigingi. "Kigingi hiki na kigingi hiki, hapa ni kwako. Hatukukataa, njaa ilikuwepo. Lakini hakuna aliyetuuliza mashamba yako wapi." Shamba likabaki kule, nyumba huku, na kwa miaka mingi watu walikwenda na kurudi, wakilala msimu mzima kwenye madungu mapya waliyoyajenga palepale walipotolewa.

Muuguzi akamwambia, kwa heshima, kwamba ile ilikuwa amri na hii ni hiari.

"Najua, mwanangu," Babu akajibu. "Lakini mtu aliyehamishwa na maji, akahamishwa na serikali, akahamishwa na mwenye nyumba, humwambii kitu cha sote. Anataka cha kwake ahamishwe nacho."

Tukapiga kura. Pendekezo langu lilipata 8. Nilidhani wakati ule, na bado nadhani, kwamba Babu alikuwa amesema kweli kuhusu watu na si kweli kuhusu ardhi. Karatasi ya mtu mmoja ni rahisi kuuza, na kinachouzika kwa urahisi huuzwa siku ya shida, kwa bei ya shida. Lakini kura ni kura, na ushirika ambao mwalimu anashinda kwa sababu ni mwalimu haustahili kuandikishwa.

Tukanunua ekari tatu za mikorosho upande wa magharibi wa barabara, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi. Familia iliyouza ilitaka ivune korosho za msimu ule kwanza, tukakubali, nao wakatuachia tuanze kufyatua pembeni. Mchanga wa Kibiti haununuliwi, uko chini ya miguu. Saruji ilikuwa imeshuka bei kidogo tangu kiwanda cha Dangote kianze kazi Mtwara, na malori yake yalikuwa yakipita mbele yetu usiku na mchana kwenda Dar es Salaam. Mfuko mmoja tulitoa tofali 35 za inchi sita. Fundi aliyetusimamia alisema 35 ni uroho, 30 ndiyo tofali. Muuguzi akachukua moja, akaliangusha kwenye mzizi wa mkorosho, likavunjika vipande vitatu. Tukashuka hadi 30.

Paa lilituletea ugomvi. Vijana wa deltani walisema wanaweza kushusha boriti Nyamisati usiku, bei ya kutupa. Sote tunajua mikoko ile ni hifadhi, hukati bila kibali, na delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko pwani yote ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Baba yangu alikata boriti katika ujana wake, wakati bado ni kazi halali na majahazi ya Waarabu yakiingia Simba Uranga kupakia kwa ajili ya Ghuba. Kule Kuwait na Bahrain upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Nyumba za watu matajiri zilikuwa nyembamba kwa sababu mti wetu ulikuwa hautaki kurefuka zaidi. Niliwasimulia vijana haya wakacheka, mmoja akasema basi na sisi tunadai kodi Kuwait. Mwishowe tulinunua mbao za duka, ghali, zenye stakabadhi.

Vyumba vinne vilikuwa vimefika kwenye lenta mwaka 2017 ulipotubadilikia. Mauaji ya viongozi wa vijiji na vitongoji yalikuwa yameanza kabla, na mwezi Aprili askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa Mkengeni. Baada ya hapo bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Mikutano yetu ilikuwa ya jioni, kwa sababu wapangaji ni watu wa kazi, ikafa. Mwenyekiti wa kitongoji aliyeshuhudia mauziano yetu alihamia Dar es Salaam na familia yake, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Kijana wa bodaboda alikaa bila kazi, halafu hakuwepo. Alinipigia simu miezi kadhaa baadaye kutoka Tandahimba. Sitaki kuandika zaidi kuhusu mwaka ule. Wapo waliopoteza watu, na mimi nilipoteza vikao tu.

Watu wakaanza kuuza. Walimu wawili waliopata uhamisho, mlinzi, fundi redio. Mnunuzi mmoja wa mjini, ambaye hakuwahi kukanyaga mkutano wetu, alichukua viwanja vinne kwa mpigo. Hakuvunja sheria yoyote, masharti tuliyopigia kura yalimruhusu. Muuguzi alinitazama siku tunasaini mabadiliko hayo kwenye daftari, nami nikamtazama, tukaendelea kusaini. Mnunuzi wa kaa, mwenye pendekezo lake, hakuuza. Amejenga vyumba vinne na ukumbi, na ndani hakunuki tope. Mama naye hakuuza. Alimaliza chumba chake wa kwanza kati yetu wote, akajenga cha pili, akapangisha. Mwaka 2024, mafuriko yalipokumba tena Rufiji na Kibiti na watu wakapandishwa kutoka bondeni kama enzi za Babu, alimpokea kijana mmoja wa Muhoro na mkewe. Nilimuuliza anawatoza vipi. Akasema ya mwezi kwa mwezi, na macho yake yakanionya nisiulize zaidi.

Ushirika haukuandikishwa. Faili lilifika Kibaha, likarudi na maswali, na wakati linarudi hapakuwa na watu wa kuyajibu. Fedha iliyobaki kwenye akaunti tuligawana kwa mujibu wa hisa mwaka 2018.

Kitu kimoja hakikugawanyika. Tulikuwa tumechimba kisima kirefu kabla ya matatizo, katikati ya eneo, na hakuna aliyeweza kukikata au kukinunua sehemu yake. Mnunuzi wa viwanja vinne alijaribu kukinunua chote, watu wakakataa bila hata kupiga kura. Kwa hiyo kisima kina kamati ya watu watatu, ndoo ni shilingi 50, daftari linasomwa kila mwisho wa mwezi mbele ya yeyote anayetaka kusikiliza, na mpangaji ana sauti sawa na mwenye nyumba, kwa kuwa wote wanateka. Mara ya mwisho nilipokuwepo, pampu ilikuwa imebadilishwa vali na mweka hazina alikuwa amesahau stakabadhi nyumbani. Alisema bei kwa mdomo. Mama, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kamati, akavuta kiti chake mbele.

"Nenda kailete, mwanangu," akamwambia. "Tutakungoja."

Adhana ya magharibi ilipigwa, watu wakaenda kuswali, wakarudi. Stakabadhi ilipofika ilikuwa pungufu ya bei aliyoitaja kwa shilingi elfu mbili, na kikao kikaanza upya.